Jinsi ya Kuendesha Prado Kuukuu Eastlands Bila Kusumbuliwa na Mambo ya Kuona

Prado ya mwaka 1998 hainunuliwi ili mwenyewe aone. Hununuliwa ili aonekane. Ndiyo maana pesa ya kwanza huenda kwenye rimu, ya pili kwenye muziki, ya tatu kwenye bampa ya chuma, na kioo cha mbele huambiwa kisubiri hadi zamu yako ya chama ifike. Hakuna ubaya. Mlinzi wa geti la Buruburu hajawahi kumpigia mtu saluti kwa sababu waipa zake zinafanya kazi.

Kwa hivyo mwongozo huu hautakuchosha na usalama barabarani. Utakufundisha kuitunza hali ya kutoona kwa gharama ndogo, ukitumia vitu vinavyopatikana mtaani, kuanzia Makadara hadi Ruai. Unawafaa pia wenye Pajero, RAV4, X-Trail na Forester za umri unaokaribia huo. Mwenye Vitz anaruhusiwa kusoma, mradi asiulize maswali.

Tuanze na ufa, kwani gari lisilo na ufa bado ni mgeni Nairobi.

Ufa haununuliwi. Hugawiwa bure Barabara ya Kangundo, ambako malori ya kokoto hushuka kutoka machimbo ya upande wa Njiru, turubai limefungwa kwa imani, na kila tuta hudondosha sadaka. Lifuate lori kwa karibu. Dereva anayeacha nafasi kubwa mbele yake huyo ana mambo yake, mwache. Usipopata kokoto ya juu, itakuja ya chini: jiwe lililobanwa katikati ya tairi pacha za nyuma hufyatuka lenyewe mwendo ukipanda, na Outer Ring, tangu ipanuliwe ikawa na njia mbili kila upande, inauruhusu mwendo huo usiku ukiingia.

Utaachiwa alama ndogo, upana wa sarafu ya shilingi tano. Hapa ndipo wengi huharibu mambo. Hukimbilia kwa fundi siku hiyohiyo, naye huinyonya hewa ile alama, akaingiza gundi nyepesi isiyo na rangi, akaikausha kwa taa maalumu, na nusu saa haijaisha ufa umekwama pale pale usiendelee tena. Yote hayo kwa elfu chache! Usifanye hivyo. Gundi ile hushika alama ikiwa changa, kavu na safi, kwa hiyo dawa yako ni kuchelewa. Wiki mbili za vumbi la Kayole na mvua moja nzuri zitatosha kuhakikisha hakuna fundi atakayeweza kukusaidia.

Sasa ulee ufa wako. Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyobanana, katikati pana utando wa plastiki, mtindo alioupatia hataza Mfaransa Édouard Bénédictus mwaka 1909. Utando huo ndio unaozuia kioo kisikumwagikie kifuani, na ndio unaokuwezesha kubeba ufa miaka mitatu ukimwambia mkeo kwamba fundi ameshapigiwa simu. Vioo vya milango havina subira hiyo. Vikigongwa sawasawa humwagika chembechembe kitini. Ufa wa mbele chakula chake ni tofauti ya joto. Julai, asubuhi ya manyunyu na baridi, kimiminie kioo birika la maji moto. Ukisikia “tik”, ndio huo unavuka kutoka upande wa abiria kuja kwako. Januari fanya kinyume chake: liache gari juani Gikomba tangu saa nne, halafu umruhusu kijana wa kuosha magari alipige maji baridi ya paipu. Kwa wasio na birika wala paipu kuna matuta. Bodi ya gari hujipinda kidogo kila gurudumu moja linapopanda peke yake, na matuta ya ndani ya mitaa yetu yalijengwa na wakazi wenyewe, usiku, kwa hasira.

Watatokea watu wa kukukumbusha methali ya ufa na ukuta. Waambie wahenga hawakuwa na Grogan. Ufa ukishafika usawa wa macho utaenda huko Barabara ya Kirinyaga, ambayo sote tunaiita Grogan miongo mingi baada ya jina kubadilishwa, au Kariobangi Light Industries, ambako utaulizwa swali moja tu:

“Mdosi, tuweke ya Japani ama ya China?”

“Tofauti ni gani?”

“Ya Japani imetoka kwa gari ingine. Hii ya China haijawahi kukosea mtu.”

Chagua kwa bei, kisha mwambie fundi ana nusu saa, una mkutano. Kioo cha gari hili hushikiliwa na gundi kwenye fremu. Gundi hiyo hutaka chuma kisicho na kutu na saa kadhaa za kukauka gari likiwa limesimama. Kwa kumharakisha utapata mambo mawili kwa bei ya moja: mluzi unaoanza ukifika kilomita themanini kwa saa, na maji yanayoshuka polepole nyuma ya dashibodi hadi kwenye zulia. Zulia hilo tutalihitaji baadaye kidogo. Suala la bima halina haja ya kurefushwa. Bima ya kumlipia mwenzako hailipi kioo chako, na gari likishazeeka kampuni nyingi hazina hamu ya kukupa ile kubwa.

Waipa nazo ni raba, na muuaji wa raba ni jua. Mvua huja kumalizia tu. Tangu Januari hadi mvua za masika zinapoanza, waipa zako zimelala kifudifudi kwenye kioo cha moto, zikipikwa. Usizinyanyue, usizifute, usizibadilishe. Siku ya mvua ya kwanza, saa kumi na mbili jioni, Jogoo Road imesimama kutoka City Stadium hadi Donholm, ziwashe kwa mara ya kwanza. Utapata matope yaliyosambazwa kwa usawa na, panapo bahati, chuma kilichotoka kwenye raba kikichora upinde wa kudumu mbele ya macho yako. Upinde huo ni mali. Usiku, taa ya matatu yoyote inayokuja itaupiga na kutawanyika, na wewe utaendesha ndani ya nuru tupu, ukiongozwa na kumbukumbu za jana.

Historia iko upande wako. Mwanamke wa Alabama, Mary Anderson, alipata hataza ya waipa mwaka 1903 baada ya kumwona dereva wa tramu ya New York akihangaika na theluji kwenye kioo. Chombo chake kilivutwa kwa mkono kutoka ndani, na kampuni aliyoiendea kukiuza ilimjibu kwamba hakina thamani ya biashara. Eastlands tumekuwa tukitekeleza uamuzi wa kampuni hiyo kwa uaminifu. Mota ikifa, hatubadilishi. Tunateua abiria wa mbele mwenye mkono mrefu, tunampa soksi, tunamwambia “pangusa hapo kidogo, hapo, hapo juu,” na safari inaendelea.

Kuhusu maji ya kuoshea kioo, tundu zake mbili juu ya boneti huziba kwa vumbi na nta ya kung’arishia gari. Sindano ya kushonea ingezizibua kwa dakika moja, ndiyo maana ushauri wa sindano haukubaliki hapa. Jaza tangi maji ya chumvi ya kisima yanayouzwa na mikokoteni, ongeza sabuni ya vyombo, subiri. Chumvi itakaa kwenye tundu, povu litakaa kwenye kioo, na ukibonyeza swichi utasikia pampu ikilalama bila kutoa kitu. Ukifika hapo, utawategemea wale vijana wa kwenye makutano wenye chupa ya maji na kipande cha sponji, ambao hukuoshea kioo kabla hujakubali. Tatizo lao ni moja: hufanya kazi nzuri. Baada yao utaona vitu ulivyokuwa umesahau, kama vile ule ufa.

Sasa lile zulia. Ukungu wa ndani ya kioo hutengenezwa na pumzi yenye unyevu ikikutana na kioo baridi, lakini pumzi za watu watano waliobanana hazitoshi peke yake. Zulia lililoloa ndilo linaloipa kazi hii uzito. Lisaidie. Funga madirisha yote. Weka ile swichi yenye mshale unaozunguka ndani ya gari, inayozuia hewa ya nje isiingie, na uiache hapo mwaka mzima kwa sababu ya moshi wa jaa la Dandora. Jaa hilo limekuwapo tangu 1975 na si wewe utakayelimaliza, lakini unyevu unaoufungia ndani ni wako kabisa. Kiyoyozi kingekausha hewa hata siku ya baridi, na hiyo ndiyo kazi yake wasiyoitaja wengi. Bahati nzuri gesi ya chako iliisha zamani, na ulishaamua kwamba kiyoyozi ni cha watu wa Mombasa.

Kama ukungu una harufu tamutamu na unaacha mafuta kidoleni, hongera, umepata ule wa daraja la juu: rejeta ndogo ya kupasha joto ndani inavuja, na kioo kinapakwa dawa ya kupoza injini. Fundi wa kawaida ataipita kwa kuunganisha mipira miwili chini ya boneti, gari lisiwe na joto tena. Utamshukuru hadi Julai.

Silaha ya asili dhidi ya ukungu ni kitambaa. Kisiwe kisafi. Kiwe kile kilichopangusa dashibodi iliyopakwa mafuta ya kung’aa, maana mafuta hayo, pamoja na mvuke wa plastiki iliyochemshwa na jua na moshi wa sigara wa mwenye gari aliyekutangulia, ndiyo yanayojenga utando wa kijivu upande wa ndani. Nasikitika kusema kwamba maji yenye siki kidogo na ukurasa mkavu wa Taifa Leo wa juzi huondoa utando huo wote kwa robo saa. Jambo hili lisitoke nje ya mtaa.

Kuna mtu mmoja aliyekwisha kukuonya juu ya kioo chako, nawe hukumwelewa. Yule dada wa Kijapani anayezungumza kila asubuhi ukiwasha gari, ambaye watoto wako humwitikia “asante,” anakuambia kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Kidude chake kimebandikwa kwenye kioo tangu Japani na hakitambuliwi na barabara yoyote ya huku. Barabara ya kulipia ya Expressway iliyofunguliwa mwaka 2022 nayo ina kidude chake cha kubandika hapohapo. Bandika vyote viwili. Ongeza stika za bima za miaka iliyopita, ushahidi kwamba uliwahi kulipa, na ile ya “Gari hili linalindwa kwa damu ya Yesu,” ambayo ukisoma mambo yaliyotangulia utakubali ina kazi nyingi. Kwenye kioo cha kati ning’iniza rozari, bendera ya Gor Mahia na kiatu kimoja cha mtoto.

Hapa lazima nikiri jambo moja linaloudhoofisha mwongozo huu. Maumbile yameipendelea Eastlands. Tuko mashariki ya mji, karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza na kuzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, saa zilezile za msongamano. Mtu wa Kikuyu na Uthiru huenda kazini jua likimchoma macho, na jioni hurudi likimsubiri upande wa pili. Wewe asubuhi unaelekea mjini jua liko mgongoni, jioni unarudi Umoja liko mgongoni. Vioo vilivyochorwa vingekutia upofu mara mbili kwa siku, na badala yake umepewa msamaha. Usijivune lakini. Anayekuja mbele yako jua liko usoni mwake, naye pengine amesoma mwongozo kama huu, na anakuja na lori.

Taa za mbele tusizipigie kelele nyingi. Plastiki yake hugeuka njano jua likishakula ule mpako wa kinga wa kiwandani. Dawa ya meno huzisugua zikang’aa wiki chache, zikarudi. Bila mpako mpya mng’ao huo haudumu. Ukitaka kuchoka mapema, zipake varnishi ya viti. Ukitaka wenzako wachoke, weka balbu nyeupe kali za bei rahisi ndani ya taa zilizoundwa kwa balbu za zamani: mwanga utakwenda kila mahali isipokuwa barabarani. Mtaani hutakosa mwanga hata hivyo, kuna ile taa ya mlingoti, mulika mwizi, pale ambapo haijaungua.

Saidi mira huibwa. Hilo halihitaji mwongozo. Linahitaji dirisha lililoteremshwa na foleni karibu na Muthurwa. Kesho yake utaipata Grogan, imesafishwa, namba yako ya gari imekwanguliwa kidogo, na muuzaji atakuhakikishia kwa macho makavu kwamba ni ya kutoka Japani, jambo ambalo, ukifikiri vizuri, ni kweli. Wenye busara huchorewa namba kwenye kila kioo cha gari. Wenye busara zaidi humwambia mchoraji aandike kubwa, katikati, ili mwizi na mwenyewe wote wasione nyuma.

Kioo kimoja huibwa na hakuna anayerudi kukinunua. Ni kile kidogo kilichosimama pembe ya kushoto ya boneti, kinachowafanya watu wacheke. Naomba ruhusa niseme kawaida kwa aya hii moja. Dereva wa gari refu aliyekaa kulia haoni ardhi ya pembe ya mbele kushoto. Mtoto wa miaka mitatu humezwa hapo mzima mzima. Wajapani hukiweka kioo hicho kwa sababu hiyo, na kwa kuwa nasi tunaendesha tukiwa tumekaa kulia, kinatufaa bila kurekebishwa chochote. Nyuma ni vilevile: tairi la spea mlangoni, vichwa vya viti, tinti nyeusi. Ua wa ploti za Pipeline na maegesho ya Umoja ndio uwanja wa watoto, hakuna mwingine. Shuka, zunguka gari, hesabu watoto, ndipo uingize gia ya nyuma.

Basi turudi kwenye kazi yetu. Tinti unayoitaka ni ile inayobubujika viputo vya zambarau baada ya mwaka, kwani hiyo huzuia kuona kutoka pande zote mbili kwa haki. Kurudi nyuma mwachie mlinzi. Atasimama palepale usipoweza kumwona, apige bodi makofi akiimba “kuja, kuja, kuja, bado, kuja,” na neno “simama” atalitoa baada ya ukuta kulisema.

Polisi wasikutie wasiwasi. Matatu hupelekwa ukaguzi wa NTSA kila mwaka. Gari lako la binafsi halijakanyaga huko tangu litoke bandarini. Kizuizini polisi ataangalia stika ya bima na tairi. Akikitazama kioo sana, huenda anajitazama mwenyewe.

Mwishowe utaiuza, maana kuna Prado ya 2008 umeiona. Ipige picha muda mfupi baada ya kuoshwa, matone ya maji yakiwa bado kwenye kioo, ufa upotelee humo. Andika “imeendeshwa na mama, kanisani na sokoni tu.” Mnunuzi akiuliza kuhusu ufa, mwambie bei imeshauzingatia. Akiuliza kuhusu waipa, ongeza sauti ya muziki. Akitaka kuijaribu, mpe ufunguo saa kumi na moja jioni, mwelekee Ruai jua likiwa mgongoni, na ukae kushoto kwake umsimulie safari za Maasai Mara gari hili lisizowahi kwenda. Subiri ujumbe wa benki uingie. Ukishaingia, mwonyeshe mahali pa kupiga dashibodi ngumi ili waipa ziamke.